Msichana wa Kipaimara na Ombi la Nne: Historia Inavyotufundisha Kuwasikiliza Binti Zetu

Kila mtoto anayejiandaa kwa Kipaimara katika Kanisa letu hujifunza Katekisimo Ndogo ya Martin Luther, iliyotolewa mwaka 1529. Anapofika kwenye Ombi la Nne la Sala ya Bwana hukuta kwamba mkate wa kila siku ni zaidi ya ugali na mboga. Luther anahesabu humo mavazi na viatu, nyumba na shamba, mifugo, hali njema ya hewa na majirani wema, na pamoja na hayo anataja watawala waaminifu na serikali njema. Msichana wa miaka 14 huyakariri maneno hayo, husimama mbele ya usharika na kuyajibu, wazee wakitikisa vichwa kwa furaha. Tunampa mkono, tunampa zawadi, tunamkaribisha mezani pa Bwana.

Siku chache baadaye msichana huyohuyo anauliza nyumbani kwa nini rafiki yake ameozwa kabla ya kumaliza shule, na kwa nini sheria inaruhusu. Hapo watu wazima hukunja uso. Anaambiwa mambo hayo ni siasa, na siasa ni ya wakubwa. Basi, ikiwa serikali njema ni sehemu ya mkate anaouomba kila siku, ni nani aliyemkataza kuuliza habari za mkate huo?

Katika insha hii tunapenda kuliangalia swali hilo kwa njia ya historia. Neno siasa huwatisha washarika wengi, kwa hiyo tuseme mapema tunalitumia kwa maana gani. Hatusemi habari ya kumvika mtoto fulana ya chama na kumchezesha ngoma kwenye mkutano wa kampeni. Tunasema habari ya kuzungumza na wenye mamlaka juu ya sheria na taratibu zinazogusa maisha ya watu. Tutakaa zaidi katika mji wa Montgomery, Marekani, miaka ya 1955 na 1956. Huko jambo hili lilitokea waziwazi katikati ya watu wa kanisa, na huko twaweza kuona jinsi watu wazima walivyomsimamia msichana na jinsi walivyomwacha.

Mbegu iliyomo katika imani yetu

Kabla ya kuvuka bahari, tukumbuke kwamba jambo hili si geni katika Biblia. Katika Hesabu sura ya 27 tunawasoma binti watano wa Selofehadi: Mala, Noa, Hogla, Milka na Tirsa. Baba yao alikuwa amefariki jangwani bila kuacha mtoto wa kiume, na kwa desturi ya wakati ule jina lake na fungu lake la ardhi vingepotea. Binti hao, ambao walikuwa hawajaolewa, hawakulia nyuma ya hema zao. Walikwenda mlangoni pa hema ya kukutania, wakasimama mbele ya Musa, mbele ya Eleazari kuhani, mbele ya wakuu na mkutano wote, wakatoa hoja yao. Musa hakuwafukuza. Aliichukua hoja yao akaipeleka mbele za Bwana, na jibu la Bwana likawa kwamba binti hao wana haki. Sheria ikarekebishwa, si kwa ajili yao tu, bali kwa Israeli yote.

Angalia mambo mawili hapo. Walioumizwa na sheria ndio waliosema. Na kiongozi mwenye cheo aliibeba hoja yao hadi mahali ambapo wao wenyewe wasingefika.

Katika historia ya Kanisa letu pia liko jambo ambalo halisemwi sana. Mwaka 1521 Luther alikamilisha maelezo yake juu ya wimbo wa Mariamu ulio katika Luka sura ya kwanza, akiwa mafichoni katika ngome ya Wartburg. Maelezo hayo aliyaandika kwa heshima ya Johann Friedrich wa Saxony, kijana wa ukoo wa kitawala ambaye baadaye angeshika uongozi wa nchi. Alitaka kumfundisha mtawala mtarajiwa hofu ya Mungu na unyenyekevu, na kitabu alichokichagua kwa kazi hiyo ni wimbo wa binti wa Nazareti anayesema kwamba Mungu huwashusha wenye nguvu na kuwainua wanyonge. Mwalimu wetu wa imani alimpeleka mkuu wa nchi akajifunze kwa msichana asiye na cheo. Tukiliweka hilo moyoni, hadithi ya Montgomery itatusemesha vizuri zaidi.

Alasiri ya tarehe 2 Machi 1955

Montgomery ni mji mkuu wa jimbo la Alabama. Katika miaka ya 1950 sheria za mji huo ziliwatenga watu weusi na weupe shuleni, hospitalini, mikahawani na ndani ya mabasi. Mtu mweusi alilipa nauli ileile, lakini viti vya mbele havikuwa vyake. Na viti vya mbele vikijaa, dereva aliweza kuwaamuru watu weusi waliokaa nyuma yake wasimame safu nzima, ili mzungu mmoja apate kukaa bila kuwa sawa nao katika safu ileile.

Alasiri hiyo Claudette Colvin, msichana wa miaka 15, alipanda basi pamoja na wanafunzi wenzake kutoka shule ya sekondari ya Booker T. Washington. Alikuwa amelelewa na bibi mmoja wa ukoo wake pamoja na mumewe, ambao aliwahesabu kuwa mama na baba. Hawakuwa watu wa mali. Walikuwa watu wa kazi na watu wa kanisa.

Basi lilipojaa, mwanamke mmoja mzungu alisimama karibu nao, na dereva akaamuru wasichana hao waondoke. Watatu walinyanyuka. Claudette alibaki. Viti vitatu vilikuwa wazi, lakini yule mama hakukaa, maana kukaa katika safu moja na msichana mweusi kungekuwa kukubali kwamba wao ni sawa. Polisi waliitwa. Claudette aliwaambia kwamba amelipa nauli yake na kwamba kukaa pale ni haki yake kwa mujibu wa katiba. Walimburuta nje, wakamfunga pingu na kumpeleka katika jela ya watu wazima.

Ujasiri huo ulitoka wapi? Haukuanguka kutoka mawinguni. Mwaka 1952 mwanafunzi wa shule yao, Jeremiah Reeves, alikamatwa akiwa na miaka 16, akahukumiwa kifo kwa kesi iliyowaumiza sana watu weusi wa mji huo. Tangu wakati ule Claudette alianza kuiuliza maswali sheria ya nchi yake. Tena, majuma machache kabla ya siku ile walimu wake walikuwa wamewafundisha habari za Harriet Tubman na Sojourner Truth, wanawake waliopigana na utumwa. Miaka mingi baadaye alieleza kwamba ndani ya basi alihisi kama mikono ya wanawake hao imemkalia mabegani, asiweze kunyanyuka. Walimu waliofundisha historia kwa uaminifu walikuwa wamemwandaa bila kujua siku hiyo itakuja lini.

Na tusisahau kanisa. Akiwa mikononi mwa polisi, mtoto huyu mwenye hofu alikuwa akisema kimoyomoyo Sala ya Bwana na Zaburi ya 23. Yale aliyokaririshwa utotoni ndiyo aliyoyashika wakati mlango wa chuma ulipofungwa. Waliokuja kumtoa jela ni mama yake pamoja na mchungaji wake. Sisi tulio wachungaji tuipime huduma yetu kwa picha hiyo. Mchungaji hakungoja kwanza kujua kama jambo la msichana lilikuwa la busara. Alikwenda alipokuwa kondoo wake.

Kwa nini aliwekwa kando

Viongozi wa watu weusi wa Montgomery walikuwa wakitafuta kesi ya kuupinga ubaguzi wa mabasi. Jo Ann Robinson na wanawake wenzake wa Baraza la Siasa la Wanawake walikwisha kumwandikia meya wa mji mwezi Mei 1954, wakimwonya kwamba watu huenda wakayasusia mabasi. Kukamatwa kwa Claudette kuliwatikisa wote. Ujumbe wa viongozi, akiwamo mchungaji kijana Martin Luther King, ulikwenda kuonana na wakuu wa mji. Wakili kijana, Fred Gray, alimtetea mahakamani.

Lakini mwishowe viongozi waliamua kwamba harakati hazitajengwa juu ya kesi yake. Wengine walisema ni mtoto mno. Wengine walimwona ana hasira za haraka. Alitoka mtaa wa maskini, na katika jamii iliyopimana hata kwa weupe wa ngozi, yeye alikuwa mweusi sana. Sababu ya kisheria nayo ilikuwepo. Alishtakiwa kwa makosa matatu, na kesi ilipokatiwa rufaa mwezi Mei mashtaka mawili yalifutwa, likiwamo la kuvunja sheria ya ubaguzi. Likabaki lile la kuwashambulia polisi. Kwa kesi ya namna hiyo, wakili asingeweza kuifikisha sheria yenyewe mbele ya majaji.

Watu wengi husimulia kwamba Claudette aliachwa kwa sababu alikuwa mjamzito. Tarehe hazikubaliani na simulizi hiyo. Uamuzi wa kutoitumia kesi yake ulitangulia. Ujauzito ulikuja baadaye, majira ya kiangazi ya mwaka huo, na baba wa mtoto alikuwa mwanamume aliyemzidi sana umri. Tunalisema hili kwa sababu ni rahisi mno kumtupia msichana lawama kwa jambo ambalo watu wazima walikwisha kuliamua kwa sababu zao.

Tuwatendee haki viongozi hao pia. Walijua magazeti na mawakili wa upande wa pili wangemchambua msichana huyo bila huruma. Mtu anayempenda mtoto anaweza kabisa kusema, mzigo huu haumfai, tumtafute mtu mzima aubebe. Hiyo ni busara, nasi tunaikubali. Ila kumpumzisha mtoto mzigo ni jambo moja, na kumsahau mtoto ni jambo jingine. Baada ya hukumu yake baadhi ya wanafunzi wenzake walimcheka na kumkwepa. Aliacha kunyoosha nywele zake kama ilivyokuwa desturi ya wasichana wa wakati ule, akazisuka zilivyo, na kwa hilo pia wakamwona amepungukiwa na akili.

Mmoja ambaye hakumkwepa ni Rosa Parks. Mama huyu alikuwa mlezi wa baraza la vijana la NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi, na baraza hilo lilikuwa likikutania katika Kanisa la Kilutheri la Trinity, jirani na alikokaa. Ni vema Walutheri wa Afrika tukalijua hilo. Trinity ulikuwa usharika wa watu weusi, na mchungaji aliyefika kuuhudumia mwaka 1955, Robert Graetz, alikuwa mzungu kijana aliyeamua kusimama na washarika wake. Kwa sababu hiyo nyumba yake ilitupiwa mabomu. Katika baraza lile la vijana Claudette alipata mahali pa kukaa, akapewa na kazi ya uandishi. Usharika ulikuwa umefungua mlango wa jengo lake, na mama mmoja alikuwa ameshika daftari la mahudhurio. Huduma hiyo haionekani kubwa, lakini ndiyo iliyomshika msichana huyo wakati mji ulipomwachia.

Ushahidi wa mama mwenye miaka 16

Tarehe 1 Desemba 1955 Rosa Parks mwenyewe alikataa kuondoka kwenye kiti chake, na tarehe 5 watu weusi wa Montgomery wakaanza kuyasusia mabasi. Walitembea kwa miguu siku 381. Hadithi hiyo inajulikana, nasi hatuna haja ya kuirudia yote. Lisilojulikana sana ni kwamba kususia peke yake hakukuifuta sheria. Ilibidi sheria ipelekwe mahakamani.

Fred Gray alihitaji watu waliodhulumiwa ndani ya mabasi na walio tayari kulishtaki jiji. Tarehe 30 Januari 1956 nyumba ya Mchungaji King ililipuliwa kwa bomu. Siku mbili baadaye, tarehe 1 Februari, kesi ikafunguliwa. Kila mtu alijua gharama yake. Kati ya walioweka majina yao hadi mwisho wa kesi walikuwa wanawake wanne: Aurelia Browder, ambaye kesi ilichukua jina lake, Susie McDonald, bibi aliyezidi miaka 70, Mary Louise Smith, binti wa miaka 18 aliyekamatwa ndani ya basi mwezi Oktoba 1955, na Claudette Colvin. Wakati huo Claudette alikuwa na miaka 16, mjamzito, na alikuwa amefukuzwa shule kwa ajili ya ujauzito huo. Yule aliyeonekana hafai kuwa sura ya harakati ndiye aliyeombwa kusimama kizimbani.

Alijifungua mtoto wa kiume mwishoni mwa Machi. Tarehe 11 Mei 1956, majuma sita hivi baadaye, alikwenda kutoa ushahidi mbele ya majaji watatu wa mahakama ya shirikisho. Wakili wa jiji alijaribu kumfanya akubali kwamba watu wa Montgomery walikuwa wamechochewa na Dr. King. Msichana hakukubali. Alieleza kwamba waliongozwa na wao wenyewe, na alieleza kwa maneno ya wazi jinsi walivyotendewa ndani ya mabasi. Tarehe 5 Juni majaji wawili kati ya watatu waliamua kwamba ubaguzi wa mabasi unavunja katiba. Tarehe 13 Novemba Mahakama ya Juu ya Marekani iliuthibitisha uamuzi huo, na tarehe 21 Desemba 1956 watu weusi wakapanda mabasi ya Montgomery na kukaa walipotaka.

Na Claudette? Alihangaika kupata kazi Montgomery. Mwaka 1958 akahamia New York, akafanya kazi ya kuwahudumia wazee na wagonjwa kwa zaidi ya miaka 30. Kwa miongo mingi vitabu vya shule havikumtaja. Hukumu ya utotoni ilibaki katika kumbukumbu za mahakama hadi mwaka 2021, ilipofutwa naye akiwa na miaka 82. Taifa zima lilikula matunda ya ushahidi wake, na yeye akaishi na hati ya makosa kwa miaka 66.

Birmingham na hatari ya upande wa pili

Mtu aweza kusema, basi dawa ni kuwaweka wasichana mbele. Miaka minane baadaye, katika mji mwingine wa Alabama, hilo nalo lilijaribiwa. Mwezi Mei 1963 watu wazima wa Birmingham wengi waliogopa kuandamana kwa kuwa wangepoteza kazi. Mchungaji James Bevel akapendekeza wanafunzi waandamane. King mwenyewe alisita. Tarehe 2 Mei mamia ya watoto, wavulana kwa wasichana, walitoka katika Kanisa la Kibaptisti la Mtaa wa 16 wakiimba, nao wakakamatwa. Mdogo mmoja, Audrey Faye Hendricks, alikuwa na miaka 9, akakaa kizuizini karibu juma zima. Siku iliyofuata polisi walitumia mbwa na maji ya nguvu ya mabomba ya zimamoto. Picha zile zilizunguka dunia, na zilisaidia kuisukuma Marekani hadi kupitishwa kwa Sheria ya Haki za Kiraia mwaka 1964.

Lakini tarehe 15 Septemba 1963, Jumapili, bomu lililotegwa na wabaguzi lililipuka katika kanisa lilelile. Liliwaua wasichana wanne waliokuwa wakijiandaa kwa ibada ya vijana: Addie Mae Collins, Carole Robertson na Cynthia Wesley, wote wenye miaka 14, na Denise McNair mwenye miaka 11. Wauaji ndio wenye hatia, wala hatuwezi kuihamishia kwa wazazi au wachungaji. Hata hivyo wazazi walioulizana wakati ule kama ni haki kumpeleka mtoto mbele ya mbwa walikuwa wakiuliza swali la kweli, na mtu anayewashirikisha wasichana leo bila kujiuliza swali hilo hajaijua historia.

Kwa hiyo Montgomery na Birmingham zinatuwekea mipaka miwili. Upande mmoja ni kumnyamazisha msichana kwa sababu ni mdogo au kwa sababu maisha yake yana doa machoni petu. Upande wa pili ni kumtanguliza kwa sababu sura yake inavuta macho, kisha kumwacha alipe peke yake. Njia ya haki imepita katikati, nayo ni nyembamba: msichana aseme yaliyo yake, na watu wazima waende pamoja naye kabla, wakati na baada.

Nyumbani kwetu

Turudi nyumbani. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971 ilimruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15 kwa ridhaa ya wazazi, na miaka 14 kwa ruhusa ya mahakama, huku mvulana akitakiwa kufikisha miaka 18. Mwanasheria kijana Rebeca Gyumi aliipinga mahakamani. Tarehe 8 Julai 2016 Mahakama Kuu iliamua kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha katiba, na serikali ikapewa mwaka mmoja kuvirekebisha. Serikali ilikata rufaa, na mwezi Oktoba 2019 Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo. Mwaka uliotolewa ulipita sheria ikiwa haijabadilishwa. Katika mijadala iliyofuata tuliwasikia wabunge, mashehe, maaskofu, wanasheria na wazee wa mila. Wenye miaka 14 na 15, ambao sheria inawataja, walisikika kidogo sana.

Vivyo hivyo katika elimu. Kwa miaka mingi msichana wa Tanzania aliyepata mimba aliondolewa shule, kama Claudette alivyoondolewa, hadi Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba anaweza kurudi masomoni baada ya kujifungua. Milango ya shule imefunguliwa. Je, mlango wa kwaya ya vijana umefunguliwa? Na darasa la Kipaimara?

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inasema kwamba mtoto mwenye uwezo wa kuunda maoni ana haki ya kuyatoa, na kusikilizwa katika mambo yanayohusu ustawi wake. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1989 unasema hivyohivyo katika ibara ya 12. Na kila tarehe 16 Juni tunaadhimisha Siku ya Mtoto wa Afrika, kuwakumbuka wanafunzi wa Soweto waliosimama mwaka 1976 kukataa elimu ya kibaguzi, wengine wakauawa. Wengi wetu tunajua maadhimisho yetu yalivyo. Msichana aliyesukwa vizuri husimama mbele ya mgeni rasmi na kusoma risala. Anasoma kwa sauti nzuri, tunapiga makofi, mgeni anaahidi madawati. Lakini risala imeandikwa na mtu mzima, na msichana hakuulizwa neno hata moja. Siku iliyozaliwa kwa vijana waliosema yao wenyewe tunaiadhimisha kwa vijana wanaosoma yetu.

Deni la usharika

Tuna nini basi cha kufanya, sisi watu wa sharika za kawaida? Tuanze na mambo yaliyo karibu. Kabla ya risala kuandikwa, wasichana wakae na mama wanayemwamini waulizwe: nini kinawaumiza njiani kwenda shule, bombani, nyumbani, hata hapa kanisani? Maneno yao yaandikwe kama walivyoyasema. Yakihitaji kupelekwa serikali ya kijiji, kwa diwani au kwa mbunge, mchungaji au mzee wa kanisa aende pamoja nao, kama Musa alivyoichukua hoja ya binti za Selofehadi. Pale ambapo kusema waziwazi kunaweza kumletea msichana kipigo au aibu, mtu mzima aseme kwa niaba yake bila kulitaja jina lake. Mzazi ajulishwe na kushirikishwa, isipokuwa pale ambapo mzazi ndiye anayedhulumu. Asitokee mtu wa chama chochote akaigeuza kazi hiyo kuwa kampeni yake.

Wapo ndugu watakaotukumbusha Amri ya Nne. Nasi tunaipenda. Katekisimo inaeleza kwamba tusiwadharau wala kuwakasirisha wazazi na wenye mamlaka, bali tuwape heshima. Binti za Selofehadi walimheshimu baba yao kwa kulitetea jina lake mbele ya Musa, na Claudette alilelewa na wazazi ambao hakuwadharau hata siku moja kwa kudai haki yake ndani ya basi. Msichana anayeuliza kwa adabu kuhusu sheria ya nchi anawaheshimu wanaotawala, kwa maana anawachukulia kuwa watu wanaoweza kutenda haki.

Kazi ngumu zaidi huja baadaye, wageni wanapokuwa wameondoka na viti vimekusanywa. Msichana aliyesema atarudi shuleni na mtaani, na huenda akachekwa. Anaweza kushindwa mtihani, au kupata mimba kama Claudette, na wale waliompigia makofi waseme walijua tangu mwanzo kwamba hafai. Hapo ndipo usharika hupimwa. Mchungaji wa Claudette alifika jela, na Rosa Parks alimwachia kiti katika mikutano ya vijana, lakini mji mzima ulihitaji miaka 66 kulisafisha jina lake. Sisi tusihitaji miaka hiyo. Mwaka huu tena wataletwa mbele yetu watoto wa Kipaimara, nao watajibu maelezo ya Ombi la Nne, serikali njema ikiwamo. Mzee wa kanisa aandike majina ya wasichana hao katika daftari lake, na mwakani awatembelee mmoja mmoja kuwauliza wanaendeleaje na wana neno gani la kusema.